Safu ya Mama Ambayo Sikuitazama

Nilitoka Nyeri mjini asubuhi kwenda Tetu kuomba radhi. Katika utafiti wetu wa pumu tulipima damu ya baba, mama na mtoto mgonjwa, tukihesabu jeni zipi wazazi wamempa mtoto na zipi wamebaki nazo. Kwa mtoto wa Wanjira, mama mmoja wa huko Tetu, jeni hazikulingana na za baba. Kanuni ilikuwa kuiondoa familia kama hiyo kimyakimya. Mimi, kwa kiherehere changu, nikampigia Wanjira simu kuuliza kama kuna baba mwingine. Alikuwa ameweka spika, na mumewe, Maina, alikuwa mezani. Wiki hiyo hiyo Maina alihama.

Saa nne nilifika Tetu. Wanjira alikuwa akichuma chai, hata hakuitikia salamu. Mama mkwe wake alinipa kiti, akaita, "Gichuki! Kuja usalimie daktari."

Wakaja wavulana wawili.

"Wote ni Gichuki?"

"Si ni jina ya babu yao? Huyu ni wa Maina, huyu wa ndugu yake. Wote wanasumbuliwa na kifua, nikawapeleka wote watolewe damu."

Chupa zote mbili nilikuwa nimeziandika "Gichuki, Tetu".

Wanjira alikuwa amefika na kikapu chake mgongoni. "Na mimi je, daktari? Hiyo kompyuta yako ilisema mimi ndio mama?"

Niliifungua kompyuta pale pale. Jeni za mama nazo hazikulingana. Safu yake kwenye jedwali ilikuwa kando ya ile ya baba miezi yote hiyo, na sikuwahi kuitazama.

Mchana, nikienda kumtafuta Maina, nilipita Naro Moru bila kushuka. Mlima ulikuwa wazi, lakini sikuwa na hamu nao.

Saa tisa, Timau, nilimpata Maina kwenye shamba la ngano alikopata kibarua. Nilimweleza kwamba damu niliyopima haikuwa ya mtoto wake.

"Kwa hivyo ni wangu?"

"Sikuwa na sababu yoyote ya kusema si wako. Kosa ni langu."

"Ati kosa! Gichuki alinipigia siku ya kufunga shule, akaniita baba. Nikamwambia atafute wake. Hiyo utarekebisha na kompyuta gani?"

Nilimsihi turudi pamoja. Alivua kofia, akatazama ngano. "Nitaingia huko na uso gani?"

Nilirudi Nyeri peke yangu. Chupa ya pili ilipopimwa, ililingana na wazazi wote wawili. Siku hizi naanza na safu ya mama kabla sijamshuku mtu. Kwenye jedwali familia ile imetimia: baba, mama, mtoto. Kule Tetu, Maina bado hajarudi.