Ufunguo wa Bwenini

Juzi, katika duka la ushirika pale Rulenge, mbele yangu kwenye foleni alisimama mama na binti yake aliyechaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Mama akaulizia sanduku la bati.

"Hakuna, mama. Malori yote yako vitani," akajibu muuzaji, kijana wa juzi tu. "Makufuli yapo."

"Basi nipe kufuli."

Binti akamvuta khanga. "Mama, nitafunga nini? Nguo zangu ziko kwenye kikapu."

Mama akalizamisha kufuli kikapuni, akautunga ufunguo kwenye kamba ya katani, akamvika binti shingoni. "Wenzako bwenini wakiuona huu, nani atakuuliza sanduku?"

Binti akauficha ndani ya blauzi. Mama akautoa nje.

Nilitaka kucheka, lakini macho yangu yakaangukia kiunoni mwa muuzaji. Pale lilining'inia shada la funguo za ghala, ghala ambalo hata panya wamelihama. Na asubuhi ile foleni nzima, wazee kwa vijana, tulikuwa tumemwamkia shikamoo.