Nilimwandikia mgonjwa wa Kanyaruchinya dawa ya kuchota maji

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Nimechoka, sitawaficha. Lakini leo umeme uko, network iko, na jambo hili limenikaa kifuani muda mrefu. Majina nimebadilisha. Mengine yote niliyaona kwa macho yangu.

Mimi ni muuguzi, mama wa watoto, familia yetu ni ya Butembo. Nafanya kazi kwenye centre de santé, yaani kituo cha afya kidogo cha serikali, upande wa Kanyaruchinya, pale wakimbizi wa vita walipojaa. Ndugu wa Tanzania mtanivumilia, Kiswahili chetu kina "mu" nyingi na Kifaransa kinaingia bila hodi.

Siku moja mkubwa wetu alinituma kwenye semina mjini. Mada ilikuwa kuhimiza watu wazima wafanye mazoezi ya mwili, na kazi hiyo ianzie kwenye vituo vidogo kama chetu. Tension, yaani presha, na sukari vimekuwa vingi, dawa zinakatika, basi watu watembee, wanyooshe viungo, watoe jasho.

Ni jambo la kweli, sibishi.

Ila picha walizotuonyesha ukutani zilikuwa za watu wenye raba nyeupe wanakimbia kando ya bustani. Mimi nikawa nawaza kambi yetu. Mawe ya volkano yanayokata kandambili. Shitingi, yale maturubai tunayolalia chini yake, zimebanana mpaka jirani akikohoa wewe ndiye unayeamka. Bidon za manjano, madumu ya maji, zimepanga mustari kwenye robine, yaani bomba, toka alfajiri.

Niliporudi nikakusanya wagonjwa wa tension nje ya kituo, nikaanza kueleza faida za kutembea, na jinsi kukaa tu kunavyoleta ugonjwa. Mama mmoja, mjukuu amemfunga mugongoni, akanyoosha mkono.

"Dokta, shiye tulitembea na miguu toka Bunagana mpaka hapa. Sasa unataka tutembee tena. Twende wapi?"

Watu wakacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Nikawaambia waingie wapimwe.

Yule alikuwa Mama Gloire. Hakuja kwa ajili yake, alimleta bwana yake.

Papa Gloire alikuwa karani wa mizigo kwenye mpaka wa Bunagana. Kazi yake ilikuwa kujaza makaratasi ya douane, yaani ya forodha, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Vita vikamtupa kambini, akabaki na kiti kimoja cha plastiki mbele ya shitingi. Alikaa hapo toka asubuhi mpaka jua linazama. Tension ilikuwa juu, sukari pia.

Nilimshauri awe anazunguka kidogo. Akanijibu kwa upole, jinsi watu wa ofisi wanavyojibu.

"Dokta, mwanaume akizunguka kambini bila kazi, watasema ni mwizi ama anapeleleza."

Sikumlazimisha, maana kweli watu walikuwa wanakamatwa kwa maneno ya namna hiyo.

Haikupita muda mrefu wakamleta kwetu juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Mdomo umepinda, mkono na mguu wa kushoto havina nguvu. Tukamtuma hospitali ya mjini. Wakamshughulikia, wakamrudisha akiwa anaongea vizuri ila mguu unaburuta. Wakasema lazima autumie mguu kila siku, la sivyo utakufa kabisa. Kwetu hakuna mtaalamu wa kunyoosha viungo. Basi kazi ikawa yangu.

Nilikuwa napita kwake nikitoka kazini, jua likiwa bado liko. Nasema inuka, naye anasema kesho. Nachoka mimi, anachoka yeye.

Siku moja akanikazia macho.

"Nipatie kazi, dokta. Kutembea bure siwezi."

Wakati huohuo Mama Gloire alikuwa anapanda na bidon kichwani, shingo imekaza, mjukuu anamfuata nyuma analia. Sikufikiri sana, maneno yalitoka yenyewe.

"Kazi ndiyo ile. Uende kuchota maji."

Akashtuka kama nimemtukana. "Maji ni kazi ya bibi, ya mwanamuke!"

"Kwako ni dawa."

Mama Gloire alikuwa ametua bidon, anatusikiliza, mkono kiunoni.

"Basi andika," Papa Gloire akasema. "Uandike kwa ordonnance, na muhuri."

Wakuu, nikaandika. Maji, asubuhi na jioni, bidon ndogo, kwa miguu, apumzike njiani. Nikagonga muhuri wa kituo. Katika miaka yangu ya kazi ni karatasi ya dawa ya pekee ambayo sikuwa na wasiwasi kama dawa yenyewe itapatikana. Hata na robine zetu chache, maji hayakukosekana kabisa.

Siku ya kwanza wanawake kwenye mustari walimcheka mpaka wakakaa chini. Yeye akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua polepole, akaonyesha muhuri. Ndivyo madereva wa malori walivyokuwa wanamuonyesha yeye makaratasi zamani, pale mpakani. Wakampisha.

Baada ya hapo wanaume wengine wakaanza kuja kituoni. "Dokta, na mimi niandikie." Wengine hawakuwa hata na tension. Walitaka tu ruhusa ya kuinuka kwenye kiti bila kuchekwa.

Mkubwa wetu akaniuliza kama kuchota maji ndiyo mazoezi tuliyofundishwa. Nikamwambia mguu unanyooka, ya nini tena. Akatikisa kichwa, akaniacha.

Na wale wanawake ambao mabwana zao walichota, nikawaita kwenye mukeka nyuma ya kituo. Semina ilisema wanyooshe mugongo na mabega. Walikuwa wananyoosha kidogo, halafu mmoja anapitiwa na usingizi, halafu mwingine. Sikuwaamsha. Nami nilikuwa nakaa hapo pembeni, naegemea ukuta.

Msidhani kambi iligeuka paradiso. Watu walishinda na njaa, na mutu mwenye njaa humwambii atoe jasho. Wengine waliacha. Lakini Papa Gloire hakuacha.

Mama Gloire hakuja kwenye mukeka hata mara moja. Bwana alipochukua maji, yeye akapata nafasi ya kwenda mbali zaidi kutafuta kuni za kuuza. Alikuwa anapita mbele ya kituo na mzigo, anatusalimia, anaendelea. Hakuna aliyempima. Kila mutu alimuona muzima sababu alikuwa anatembea.

Kisha vita vikashuka mpaka kwetu.

Asubuhi moja mabomu yakaanza kuanguka karibu, na kambi nzima ikamwagika barabarani kuelekea mjini. Nami nilishika watoto wangu na mufuko wa kazi, tukaenda na wengine. Tulilala kwenye uwanja wa parokia moja, watu juu ya watu.

Kesho yake nikasikia mutu ananiita. Papa Gloire. Alikuwa amefika kwa miguu yake, anaburuta ule wa kushoto, mukeka begani, mjukuu mkononi. Nilifurahi nikataka kumkumbatia. Yeye hakuwa na furaha.

"Mimi nimefika, dokta. Muangalie huyu."

Mama Gloire alikuwa amelala chini, amekamata kichwa kwa mikono miwili, anatapika, macho yanaona vitu viwiliviwili. Nikatoa mashine, nikapima. Nikadhani imeharibika, nikapima mkono wa pili. Haikuwa imeharibika. Tension yake ilikuwa juu kuliko ya bwana yake siku ile ya chukudu.

"Kichwa kinakuuma toka lini?"

"Toka tukimbie mara ya kwanza. Nilizani ni magumu tu."

"Juu ya nini haukusema?"

Akafungua jicho moja.

"Ulisema wenye kukaa njo wanagonjwa. Mimi nilikaa lini?"

Wakuu, nikamfunga kitambaa cha maji kichwani sababu mikono ilihitaji kitu cha kufanya.

Parokia ilikuwa na dispensary, dawa zikapatikana. Alipona polepole. Nikamwambia sasa ni kupumzika, mizigo basi. Akamuangalia bwana yake. Papa Gloire hakuomba karatasi. Akachukua bidon, akauliza robine iko wapi.

Baadaye makambi yalivunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao. Nao wakarudi Bunagana. Walikuta nyumba haina mabati. Kituo chetu pia tulikikuta kimebomolewa milango, tumefungua hivyohivyo. Mazoezi ya semina, sijui kama kuna mutu bado anayakumbuka.

Juzi mchana nikampigia Papa Gloire simu. Akaniambia dawa za tension wanazifuata mbali, lakini wanazipata. Akacheka akasema kule kilimani wanasema bibi yake amemloga, maana anachota maji, anachanja kuni, hata sombe, majani ya muhogo, anatwanga.

Nikamwambia anipe Mama Gloire nimsalimie.

Akashusha sauti, kama mutu anayeongea kanisani.

"Amelala, dokta. Mchana hivi. Toka nimuoe sijawahi kumuona analala mchana. Tafazali, upige jioni."

Nikakata simu.

Nililojifunza ni hili. Mazoezi ni dawa, na bado nayahimiza kila ninapopata nguvu. Lakini kabla hujamwambia mutu atembee, uliza nyumbani kwake nani anabeba. Na mgonjwa akiletwa, mpime na yule aliyemleta.

Wauguzi wenzangu, na ninyi wenye wazazi wa tension, niambieni kwenu mnafanyaje. Wanaume mliowahi kubeba bidon mbele ya watu, ninyi hasa nawasikiliza. Nitawajibu taratibu, umeme wa huku hauna ahadi.