Mizani Yangu Inaongea kwa Sauti ya Mke wa Mtu

Admin, nifiche jina, huku Bomet tunajuana mno. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, sijaoa, ni fundi wa simu na redio sokoni.

Miaka kadhaa iliyopita niliunda mizani ndogo ya kupimia majani chai nyumbani, ili mkulima ajue kilo zake kabla karani wa kituo cha kununulia chai hajamwambia za kwake. Akina mama wengi hawasomi namba, kwa hiyo niliifanya itaje uzito kwa Kikipsigis. Aliyenirekodia sauti ni mchumba wangu wa wakati huo, nitamwita Chebet. Michoro na programu yote nikaiweka wazi mtandaoni, yeyote ajiundie bure. Ikaenea hadi Ndanai na Merigi.

Kisha wazee walikaa kuzungumzia ndoa yetu, wakagundua sisi ni wa ukoo mmoja, na kwetu wa ukoo mmoja hawaoani. Mambo yakaishia hapo. Chebet aliolewa Merigi, nami nikameza machungu yangu.

Mwezi jana mama mkwe wake alinunua moja ya mizani hizo bila kujua sauti ni ya nani. Akatundika kikapu, mizani ikasema "taman", yaani kumi, kwa sauti ya mke wa mwanawe! Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mume hakucheka. Alinifuata dukani.

"Wewe fundi, toa sauti ya bibi yangu kwa hiyo kitu. Jumapili nikisikia bado inaongea, ataenda kuongelea kwao."

Kuitoa si kazi. Nikibadilisha sauti mtandaoni, mizani zote zinabadilika zikiunganishwa na simu, hata hii ya dukani kwangu. Tena kuna vijana wa huku niliowaahidi kuwaachia mradi wote, maana nimechoka kuusimamia. Kiongozi wao huniambia, "Boss, tupe password tu. Mathe wangu atarekodi sauti ingine." Nawazungusha. Leo nasema network, kesho stima.

Ukweli unaniumiza kuuandika: kila asubuhi nikifungua duka naweka kitu juu ya mizani, nimsikie tu.

Jana Chebet alinipigia akilia. "Nguo zangu ziko kwa begi. Niambie ukweli, ni mizani ndiyo umeshindwa kuachilia ama ni mimi?"

Nilikata simu.

Kesho ni Jumapili. Nikiwapa vijana password, sitamsikia tena. Nisipowapa, atarudishwa kwao, na ukoo wetu bado utakuwa mmoja. Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini. Nifanye nini?