Karatasi Niliyoandika Kuhusu Deo

Wiki nzima sijapata usingizi mzuri, sababu ni karatasi niliyoandika nikiwa kidato cha pili.

Wenzangu tuliosoma nao seminari wamenipa kazi ya kuandika historia ya darasa letu kwa ajili ya jubilei. Ati mimi nina digrii na sina ajira, kwa hiyo muda ninao. Nilianza vizuri. Enzi zile tulioga maji ya mfereji kutoka Mlima Meru, baridi mpaka meno yanagongana. Vijana wa sasa wanachemshiwa na bado wananung'unika. Nikaandika makande ya kila Jumatano, nyimbo za Kilatini tulizoimba bila kuelewa, na kanzu ya bruda aliyetufundisha kukamua, iliyonuka maziwa hata Jumapili. Nikamkumbuka mama akinisindikiza kila likizo ikiisha: "Usituaibishe."

Nilipofika kwenye orodha ya majina, nikakwama kwa Deo.

Kila mwisho wa muhula gombera, mkuu wetu, alitugawia karatasi. Unamtaja mwenzako unayeona hana wito wa upadre wala ubruda, na sababu. Jina lako mwenyewe huandiki. Niliogopa kurudisha karatasi tupu, nikaandika: "Deo. Anacheka kanisani." Deo, rafiki yangu wa kitanda cha jirani! Siku chache baadaye tulitoka misani tukakuta godoro lake limekunjwa. Walioachishwa waliondoka hivyo, wengine tukisali. Leo mtu akitolewa kwenye kundi la WhatsApp, simu zote zinatangaza.

Je, ni karatasi yangu iliyomwondoa? Juzi nilikwenda Tengeru sokoni, anakouza maparachichi. Nikamwambia yote kabla hata sijakaa.

"Padre wangu!" akacheka kicheko kilekile. "Unajua mimi nilimwandika nani? Wewe. 'Anawaza mno.'"

"Kwa hiyo si mimi niliyekuondoa?"

"Nitajuaje, bwana? Nililia mwaka mzima. Shika parachichi hili, ule."

Wenzangu walitaka orodha ya waliomaliza tu. Nimeliweka jina la Deo baada ya langu, kama vilivyopangwa vitanda vyetu, na chini yake nimeeleza nilichoandika siku ile. Asubuhi ya leo nimeituma historia hiyo kwa wote. Karatasi ile haikuwa na jina la mwandishi. Hii nimeitia sahihi.