Wifi Yangu na Mafuta ya Gari

Wifi yangu hakuanza kwa kuniita mwizi. Alianza kwa kuuliza, kila akiingia garini, mafuta ya safari iliyopita yamekwenda wapi. Aliuliza huku akifunga mkanda, bila kunitazama.

Gari lilikuwa la baba yake, yaani baba mkwe wangu. Alipofariki aliacha nyumba kijijini Merikit, ng'ombe wachache, na gari hilo la zamani lenye buti refu ambalo aliliendesha tangu mume wangu akiwa shule ya msingi. Mume wangu anafanya kazi Juba na huja Krismasi. Dada yake mkubwa, huyo wifi, ni mwalimu na anaishi Busia upande wa Uganda. Hajui kuendesha. Mimi nimezaliwa ng'ambo, Busia ya Kenya, na nilikuwa nikiendesha gari la kusambaza sare za shule kabla sijaolewa na kuhamia upande huu, ambako nashona nguo. Basi gari likakaa kwangu, na nadhani hilo peke yake lilitosha kumchukiza.

Mama mkwe alikuwa na kidonda mguuni kisichopona kwa sababu ya sukari. Ilibidi tumchukue Merikit, tumpeleke hospitali Tororo kusafishwa, tumrudishe, kisha sisi turudi Busia. Tulikubaliana kwamba wifi atajaza mafuta na mimi nitaendesha. Makubaliano mabaya kuliko hayo sijawahi kuyaingia. Kila mshale wa mafuta uliposhuka, yeye aliona mkono wangu.

"Baba alikuwa naenda na gari hii mpaka Merikit, narudi, mafuta nabaki," aliniambia asubuhi moja. "Wewe nafanya nini nayo?"

Nilimwambia gari limezeeka. Akajibu kwamba baba yake pia alikuwa mzee na hakuwahi kuishiwa na mafuta njiani.

Sikumpenda. Sitaficha hilo. Lakini kuitwa mwizi na mtu anayekaa kiti cha mbele cha gari ninaloliendesha mimi, bure, nikiwa nimefunga cherehani yangu kwa siku nzima, ni jambo ambalo halikunipa usingizi. Nikaamua kutafuta gari hili linakula mafuta wapi.

Nilianza na tairi. Kwa macho zilionekana sawa, lakini zilipopimwa zote nne zilikuwa na upepo mdogo, na gari lilikuwa likizivuta kama mtu aliyevaa gambuti kwenye tope. Nikajaza kiasi kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango. Kisha chujio la hewa, ambalo lilikuwa limejaa vumbi jekundu la Merikit mpaka huwezi kujua rangi yake ya kwanza. Nikanunua jipya. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa linapata moto hata tukisafiri kidogo, kwa sababu breki ilikuwa inalikamata muda wote. Fundi akailegeza. Wifi aliposikia, alisema natafuta visingizio kwenye chuma.

Halafu buti. Mlikuwa na jeki mbili, mawe ya kuzuia magurudumu, jembe la ng'ombe lililovunjika, mtungi wa maji, na magunia ya vitabu vya shule ambavyo wifi alikuwa ameviweka humo kwa sababu kwake hakuna nafasi. Nikabakiza jeki moja na tairi ya akiba. Vingine vyote nilivishusha kwenye baraza lake akiwa kazini, na sikumpigia simu kumwambia.

Niliendesha tofauti pia. Barabarani kuna malori yanayotoka mpakani, na zamani nilikuwa nayapita moja moja, nikikanyaga mafuta, nikipunguza, nikikanyaga tena. Nikaacha. Nikawa nabaki nyuma kwa mbali, mwendo mmoja, nikiliona tuta mapema naachia mafuta gari lijiendee lenyewe mpaka lifike polepole. Wifi hakuvumilia. Alikuwa akigonga dashibodi kwa kidole.

"Pita huyo."

"Sipiti."

"Mama nangoja."

Nilimwambia mama atatungoja karibu muda ule ule, tofauti ni dakika chache tu. Akaendelea kugonga dashibodi mpaka Tororo.

Lakini kilichobaki ndicho kilichokuwa kikubwa. Juu ya paa kulikuwa na keria ya vyuma vizito ambayo baba mkwe aliichomelea mwenyewe, kwa ajili ya kubeba mahindi, na viti vya kwenda matangani. Tangu azikwe hakuna aliyepandisha kitu juu yake. Tukishika mwendo kwenye lami ilikuwa inapiga mluzi, na upepo ule wote gari lilikuwa linausukuma kwa mafuta. Nilimuuliza mume wangu kwa simu kama naweza kuitoa. Akasema tuelewane na dada yake. Mume wangu akisema tuelewane, maana yake hataki kuulizwa.

Nikaikata. Skrubu zilikuwa zimeliwa na kutu, ikabidi mchomeleaji atumie msumeno. Nilimpelekea wifi vyuma vyake nyumbani, nikaviegemeza kwenye ukuta. Alitoka, akavitazama, akalitazama gari. Paa lilikuwa na alama za kutu pale miguu ya keria ilipokuwa imesimama. Nilitegemea matusi. Alisema kwa sauti ya chini:

"Umevua baba kofia."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Kama angelia, labda ningesema kitu. Alifunga kwa komeo, nikasikia.

Safari iliyofuata alikuja hata hivyo, kwa ajili ya mama yake. Njia nzima macho yake yalikuwa kwenye mshale. Tulimchukua mama mkwe Merikit, tukaenda hospitali, tukangoja, mguu ukasafishwa, tukaanza kurudi. Nilisimama kwenye sheli nje ya mji wa Tororo kupima upepo. Zamani tungekuwa tumeshafika mwisho kabisa wa mshale. Siku hiyo ulikuwa juu ya nusu. Nilitaka auone mwenyewe, na nilijua ameuona.

"Sasa nimejua," akasema.

"Umejua nini?"

"Tangu nianze kuangalia hiyo mshale, umeogopa. Umewacha kutoa mafuta."

Nilimtazama nikidhani nimesikia vibaya. Kila nilichofanya, tairi, chujio, breki, keria, kwake kilikuwa kimenithibitisha kuwa mwizi. Nikazima gari, nikachomoa ufunguo, nikauweka juu ya mkoba wake.

"Tafuta dereva asiyeiba."

"Na mama?"

"Mama ni wako."

Mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa. Alisema jambo kwa Kiteso, kwa ukali, na wifi akainama. Kisha mama mkwe akanigeukia mimi kwa Kiswahili.

"Mimi si gunia ya mahindi. Nipeleke nyumbani kwanza. Halafu mtapigana."

Nikachukua ufunguo. Nilimpeleka Merikit, nikaliacha gari uani, nikapanda bodaboda kurudi barabara kuu. Wifi hakuniuliza nitafikaje Busia.

Aliajiri dereva, kijana wa mjini anayependa mwendo. Mama mkwe alinisimulia kwa simu: madirisha wazi, lori moja baada ya jingine, breki mpaka mguu wake unagonga kiti. Mafuta yakaanza kuisha tena. Wifi akamfukuza akisema anaiba. Akaajiri mwingine, naye akamfukuza kwa neno hilo hilo. Nilipomweleza mume wangu, alisema yule ni dada yake. Nikamuuliza mimi ni nani.

Mume wangu alipokuja Krismasi, mama mkwe alituketisha sote barazani. Hakutaka kusikia habari za mafuta. Alimwambia binti yake kwamba kuanzia sasa mimi ndiye nitakayemwendesha, na yeye wifi atabaki Busia. Wifi alisimama na kwenda jikoni. Mume wangu alitazama viatu vyake.

Sasa mafuta nanunua mwenyewe. Mama mkwe anakaa mbele, mguu unaendelea vizuri kidogo, na hulalamika kwamba naendesha kama mtu anayesindikiza jeneza. Simbishii. Hatuongei juu ya binti yake.

Naye wifi nakutana naye kwenye mazishi tu. Mwaka huu tulikutana kwenye mazishi kijijini Sop Sop. Alipita mstari mzima akiwapa watu mkono, alipofika kwangu akaniruka, akamshika mwanamke aliyesimama baada yangu. Mimi nami mkono wangu sikuunyoosha.