Utomvu wa Migomba Iliyokatwa

Nilikuwa darasa la tano Tata, baba yetu, alipomfuata Mama kaburini. Niliacha shule nikalea wadogo zangu watatu. Kibanja chetu cha Buganguzi, shamba la migomba na kahawa, kwa desturi yetu Wahaya, kilikuwa cha mdogo wangu wa kiume. Mimi, mtoto wa kike, nilikilima tu mpaka akue. Mipaka ilishikwa na milamula, mimea ambayo kwetu mtu hang'oi hata akiwa na hasira.

Baba mdogo, balozi wetu wa nyumba kumi, aliing'oa. Asubuhi moja tulimkuta akiipanda upya katikati ya kahawa zetu, mkononi ana muhoro, lile panga la ncha iliyopinda. Alisema siku hizi ni ujamaa, ardhi ni ya taifa, mambo ya milamula yaliondoka na machifu.

“Kama yaliondoka, baba mdogo, mbona unaipanda tena?” mdogo wangu akamuuliza. “Na hilo taifa mbona linaanzia kwetu na kuishia kwako?”

Aligeukia migomba akaanza kuifyeka, hata yenye ndizi changa. Mdogo wangu akaukumbatia mmoja ili asiukate. Muhoro ukashuka vilevile, ukamfungua mkono chini ya kiwiko. Niliona mfupa. Nilichukua mpini wa jembe nikampiga baba mdogo gotini, na alipoinama nikampiga mdomoni. Alitema jino, akaacha muhoro chini, akaondoka akichechemea.

“Akifa huyo,” alisema kutoka njiani, “nahamia.”

Damu ilikuwa inaruka. Mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda hospitali Bukoba. Nikakumbuka alivyofanya Mama mtu akijikata shambani. Nilikimbilia migomba ile ile iliyokuwa imefyekwa, nikakata vipande vya shina, nikaukamulia utomvu ndani ya kidonda. Ulimchoma, akanipiga kwa mkono mzima. Nilimkalia kifuani, wadogo wawili wakamshika miguu, naye akang'ata kamba ya mgomba mpaka fizi zikatoka damu. Nikakifunga kidonda kwa nguvu. Damu ikapungua, ikaganda, nyeusi kama lami.

Baada ya hapo nilimwosha kwa majani ya mpera yaliyochemshwa. Usaha ulipoanza niliukamua, naye akanitukana matusi yote ya Kihaya na ya Kiswahili. Nilimwambia atukane, lakini asife.

Miaka mingi baadaye mganga wa zahanati alinieleza kwamba katika utomvu wa mgomba na majani ya mpera mna asidi za jamii ya fenoli, hukaza nyama na kudhoofisha vijidudu, na kwamba hata aspirini ina asili ya namna hiyo katika magome ya miti. Ndizo hizo pia zinazotia nguo zetu madoa yasiyotoka. Mimi siku ile nilijua tu kwamba kinachonata hufunga.

Kidonda kilifunga. Vidole viwili havikukunjika tena.

Siku baba mdogo alipokuja kuangalia kama tumeshachimba kaburi, alimkuta mdogo wangu amepiga magoti mpakani, akirudisha mlamula katika shimo lake la zamani kwa mkono mmoja. Mimi nilisimama karibu na muhoro alioutupa, nimeunoa.

“Baba mdogo,” mdogo wangu akamwambia bila kuinua kichwa, “mkono wangu hauna nguvu. Nishikie mlamula huu mwingine.”

Aliutazama muhoro. Kisha akainama, akaushika mlamula.