Mzigo wa Mzee Maganga

Siku ya kwanza kazini nilivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Nilikuwa dresa, mtu wa kuosha na kufunga vidonda, na nilitumaini kupangiwa hospitali kubwa ya Tabora. Msimamizi akanipeleka nyumba ya wazee, pembeni mwa mji. Nilinuna waziwazi. Enzi hizo nani alidhani kutunza wazee ni kazi ya kusomea?

"Miezi mitatu tu," akaniambia. "Ukifanya vizuri, nitakuombea wodi."

Wazee wengi mle walikuwa wapagazi wa zamani, waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani, wakazeeka bila mtu wa kuwatunza. Asubuhi nilipita na sinia la dawa mikononi, kitanda hadi kitanda. Nilijifunza kuwageuza kila baada ya muda ili wasipate vidonda vya kulalia. Lakini kilichonivuta zaidi ni bega la kushoto la Mzee Maganga, lenye sugu nene kama kisigino. Kila nilipomwogesha nililigusa na kujiuliza lilibeba nini na nini.

Tatizo lake lilikuwa kuanguka. Hatua tatu, anayumba, yuko chini. Bwana Daktari alipokuja kukagua, akaamuru: "Akianguka tena, asitembee. Mfungeni kwa shuka kitandani."

"Mwanangu," mzee akaniambia daktari alipoondoka, "nimefika pwani mara saba kwa miguu hii. Nikifungwa hapa siamki tena."

Niliogopa, maana niliwahi kuona mmoja aliyefungwa hivyo. Hakumaliza masika.

Siku moja tulikuwa tunaanika magodoro. Kugeuka, namwona Mzee Maganga ametia godoro begani, anakatiza ua, mgongo wima, wala hayumbi. Nikamkimbilia.

"Baba, umewezaje?"

"Bila mzigo sijui uzito wangu uko wapi," akajibu, kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

Nikashona mfuko wa kaniki, nikatia mchanga, nikamtwika begani, nikaongeza kidogo kidogo mpaka akasema, "Hapo." Wiki mbili tulizunguka ua, hakuanguka hata mara moja.

Bwana Daktari aliporudi alifoka. "Dresa! Unambebesha mgonjwa mzigo?"

"Mtazame kwanza, bwana. Kisha unifukuze."

Mzee akaenda hadi langoni, akarudi. Daktari akamvua mfuko, akamwambia arudie. Hatua ya tatu akayumba, nikamdaka. Daktari akamrudishia mfuko begani kwa mikono yake mwenyewe. "Shuka libaki kabatini," akasema.

Barua ya kunihamishia wodi ilipofika, nilimwomba Msimamizi airudishe. Alidhani nimerukwa na akili. Baadaye nilifanya kazi zahanati za Igalula na Tura, na kila mzee aliyeletwa nilimuuliza kwanza alifanya kazi gani ujanani. Majibu yao sikuwahi kuyachoka.

Siku hizi nimestaafu, na mimi nayumba. Mwezi uliopita nilianguka mara mbili, na mjukuu wangu, ambaye ni nesi, akanikataza kutoka kitandani. Nilikasirika, kisha nikaogopa.

"Niletee sinia la chai," nikamwambia.

"Una njaa, babu?"

"Lete tu. Na vikombe vyake."

Nikalishika kwa mikono miwili, kama lile la dawa, nikainuka, nikavuka sebule hadi mlangoni. Vikombe havikugongana.